Pengo Linalopungua Katika Hesabu: Nusu-vipitishi, Kompyuta na Kazi ya Mwalimu wa Sayansi

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi afundishapo mada ya umeme huwaongoza wanafunzi wake kuvigawa vitu katika makundi mawili: vipitishi, kama vile shaba na alumini, na vihami, kama vile mpira, kioo na ubao mkavu. Mgawanyo huo ni sahihi, nao unafaa kuwa mwanzo. Hata hivyo, mtoto wa Tongoni, kijiji cha pwani kilichoko kiasi cha kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga, akitazama paneli ya sola juu ya paa, anatazama kitu kisichoingia katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Silikoni iliyomo ndani ya paneli hiyo ni nusu-kipitishi. Nusu-kipitishi hupimwa kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni ukubwa wa pengo lake la nishati.

Wataalamu wa leo hupima pengo hilo kwa vyombo, na pia hulikadiria kwa kompyuta kabla hata ya kukitengeneza kitu chenyewe. Hapo ndipo linapotokea jambo la kushangaza. Hesabu inayotumiwa zaidi kuliko zote duniani kwa kazi hiyo hutoa pengo lililo dogo kuliko la kweli, na hufanya hivyo karibu kila mara, kwa upande ule ule mmoja.

Mwanachuo anaweza kuuliza: hili lina faida gani kwangu mimi nitakayefundisha watoto wa darasa la tano? Faida yake ni mbili. Kwanza, mwalimu hana budi kujua zaidi ya yale anayofundisha, ili swali la mtoto lisimkute mikono mitupu. Pili, watoto wa siku hizi hukua wakiamini kwamba lililosemwa na kompyuta ni kweli tupu. Mfano huu unaonyesha wazi kwamba kompyuta inaweza kuhesabu bila kukosea hata tarakimu moja, na bado jibu likawa si sahihi, kwa sababu kosa limo katika kanuni iliyopewa.

1. Pengo la nishati ni nini

Elektroni zilizomo katika fuwele haziwezi kuwa na nishati yoyote zipendayo. Ziko ngazi zinazoruhusiwa, na ngazi hizo zimekusanyika katika kanda. Ukanda wa chini umejaa elektroni. Ukanda wa juu ni mtupu. Kati ya kanda hizo mbili hakuna ngazi hata moja. Nafasi hiyo ndiyo pengo.

Darasani tunaweza kutumia mabenchi mawili, moja juu ya jukwaa na jingine sakafuni. Wajaze wanafunzi benchi la chini mpaka pasibaki nafasi. Waambie wasogee kulia. Hakuna awezaye, kwa maana kila mmoja amezuiwa na jirani yake. Sasa mnyanyue mmoja umkalishe benchi la juu. Mara moja mambo mawili yanatokea: yule wa juu anaweza kusogea atakavyo, na wale wa chini nao wanaweza kusogea mmoja mmoja kuijaza nafasi iliyoachwa. Hivyo ndivyo umeme unavyopita katika nusu-kipitishi. Mwanga wa jua ndio unaomnyanyua mwanafunzi. Ikiwa jukwaa liko juu mno, mwanga hauwezi kumfikisha, na kitu hicho ni kihami. Ikiwa benchi la chini lina nafasi tangu mwanzo, au mabenchi yamegusana, kitu hicho ni kipitishi.

Kwa lugha ya kitaalamu zaidi, pengo ni tofauti ya viwango viwili: nishati tunayolipa ili kuing'oa elektroni moja kutoka katika fuwele, na nishati tunayorudishiwa tunapoongeza elektroni moja katika fuwele hiyo hiyo. Mwanachuo aikariri maana hii, kwa sababu tutaihitaji mbele.

Pengo hupimwa kwa kipimo kiitwacho elektronivolti. Silikoni katika joto la kawaida ina pengo la 1.12. Almasi, ambayo ni kihami, ina pengo la kiasi cha 5.5.

2. Mzigo wa hesabu na njia ya mkato

Kanuni zinazotawala elektroni zimejulikana tangu mwaka 1926, Erwin Schrödinger alipoandika mlinganyo wake. Kwa nini basi tusizitumie moja kwa moja? Tufanye hesabu ndogo. Atomi moja ya silikoni ina elektroni 14. Ili kueleza mahali ilipo kila elektroni tunahitaji namba tatu: urefu, upana na kimo. Kwa hiyo elektroni 14 zahitaji namba 42 kwa pamoja. Tukitaka kugawa kila mojawapo katika sehemu 10 tu, jedwali letu litakuwa na nafasi zinazoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 42. Hakuna kompyuta duniani iwezayo kuhifadhi jedwali hilo, na hiyo ni atomi moja tu.

Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walitoa wazo lililoondoa mzigo huo. Walithibitisha kwamba si lazima kufuata kila elektroni peke yake. Inatosha kujua msongamano, yaani ni kiasi gani cha elektroni kimo katika kila mahali. Msongamano wahitaji namba tatu tu za mahali, hata elektroni ziwe ngapi. Tukigawa kila moja katika sehemu 10, tunapata nafasi 1,000. Hii ni kama ramani ya sensa inayoonyesha idadi ya watu katika kila kata. Ramani hiyo haikutajii jina la mtu yeyote, walakini waweza kuitumia kupanga shule na visima.

Kanuni inayopokea ramani nzima na kutoa namba moja, ambayo hapa ni nishati, huitwa fankshonali. Ndiyo maana elimu hii huitwa nadharia ya fankshonali ya msongamano. Lakini mwanachuo azingatie neno hili: Hohenberg na Kohn walithibitisha kwamba kanuni hiyo ipo, hawakuonyesha ni ipi. Hata leo haijulikani kwa ukamilifu.

Mwaka 1965 Kohn na Lu Jeu Sham waliendelea mbele. Walibuni elektroni za kufikirika zisizosukumana, lakini zenye msongamano ule ule wa elektroni za kweli. Elektroni hizo ni rahisi kuzihesabu. Yote yaliyosalia, yaani namna elektroni za kweli zinavyokwepana, yaliwekwa katika kifungu kimoja kiitwacho ubadilishano na uwiano. Kifungu hiki ndicho kisichojulikana. Kwa hiyo walikikadiria: katika kila mahali pa fuwele, chukua msongamano uliopo hapo, kisha tumia nishati ambayo ingekuwapo kama elektroni zingekuwa bahari iliyo sawasawa yenye msongamano huo. Kadirio hili rahisi lilifanya kazi nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Hukisia umbali kati ya atomi za silikoni kwa kosa la chini ya asilimia 1. Kwa kazi yake Kohn alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998, pamoja na John Pople.

3. Kwa nini pengo hupungua

Sababu ya kwanza ni kwamba tunasoma ngazi zisizo zake. Nadharia iliahidi mambo mawili: msongamano wa elektroni zikiwa katika hali ya utulivu, na jumla ya nishati yake. Haikuahidi kwamba ngazi za elektroni za kufikirika ni ngazi za elektroni za kweli. Waashi wajengapo nyumba husimamisha jukwaa la miti. Jukwaa hilo hufuata umbo la nyumba, na bila jukwaa nyumba haijengeki. Lakini mtu akipima nafasi kati ya miti ya jukwaa na kusema amepima kimo cha vyumba, amekosea. Mwaka 1983 John Perdew na Mel Levy, na kwa upande wao Lu Jeu Sham na Michael Schlüter, walionyesha kwamba hata kama tungeipata kanuni kamili isiyo na kosa lolote, pengo la elektroni za kufikirika bado lingeweza kuwa pungufu. Sababu yake ni kwamba idadi ya elektroni ipitapo namba kamili, hata kwa sehemu ndogo kabisa ya elektroni moja, nguvu inayozishika elektroni za kufikirika hupanda ghafla kwa kiasi kile kile kila mahali. Mpando huo ni sehemu ya pengo la kweli, lakini hauonekani katika ngazi zinazosomwa kabla ya kuiongeza elektroni. Makadirio rahisi hayana mpando huo hata kidogo.

Sababu ya pili ni elektroni kujisukuma yenyewe. Katika hesabu, elektroni huonekana kama wingu la chaji, na kila sehemu ya wingu husukuma sehemu nyingine. Chukua atomi ya haidrojeni, yenye elektroni moja tu. Hakuna elektroni nyingine ya kuisukuma, lakini hesabu husajili msukumo kati ya wingu na wingu lilo hilo. Ni kama mtu aliyesimama peke yake dirishani akilalamika kwamba foleni ni ndefu, kwa kuwa amejihesabu yeye mwenyewe kuwa yuko mbele yake. Kanuni kamili ingefuta msukumo huo wote. Kadirio hufuta sehemu kubwa, lakini si wote. Matokeo yake, elektroni zilizomo katika ukanda wa chini husukumwa juu kupita kiasi, na ukanda huo hukaribia ule wa juu.

Sababu hizi mbili zina uhusiano, nao huonekana vizuri zaidi kwa kutumia zana.

4. Zana: ubao, misumari mitatu na uzi

Chukua ubao na upige misumari mitatu, ikiachana sentimita 20 kwa mlalo. Msumari wa kushoto uwe sentimita 70 juu ya ukingo wa chini wa ubao, wa kati sentimita 30, na wa kulia sentimita 20. Kimo cha msumari ni nishati ya kitu chetu. Wa kushoto ni kitu kilichopungukiwa elektroni moja, wa kati ni kitu kamili, na wa kulia ni kitu kilichoongezwa elektroni moja.

Funga uzi kutoka msumari hadi msumari, uukaze mpaka unyooke. Kutoka kushoto hadi kati uzi hushuka sentimita 40. Hiyo ndiyo gharama ya kuing'oa elektroni. Kutoka kati hadi kulia hushuka sentimita 10. Hiyo ndiyo nishati inayorudishwa tunapoongeza elektroni. Tofauti yake ni 30, na hilo ndilo pengo, kwa maana ile ile tuliyoikariri. Wanachuo watazame kona ya uzi kwenye msumari wa kati: pengo likiwa kubwa, kona huwa kali. Mwaka 1982 Perdew, akiwa na Robert Parr, Levy na José Luis Balduz, alithibitisha kwamba katika nadharia kamili uzi huo lazima unyooke hivyo kati ya namba kamili za elektroni.

Sasa legeza uzi kidogo katika sehemu zote mbili, ukiwa bado umefungwa kwenye misumari ile ile. Uzi utabonyea. Pima mteremko karibu kabisa na msumari wa kati. Upande wa kushoto, uzi unafika kwenye msumari ukiwa na mteremko mdogo kuliko awali. Upande wa kulia, unaondoka ukiwa na mteremko mkali kuliko awali. Tofauti ya miteremko miwili imepungua, na kona imekuwa butu, ingawa hakuna msumari uliosogezwa. Kadirio rahisi hufanya hivyo hivyo. Kwa sababu ya elektroni kujisukuma yenyewe, uzi wa hesabu hubonyea, na ngazi zinazosomwa hapo hutoa pengo dogo.

Mwalimu aeleze pia mpaka wa zana hii. Mfano wa uzi unaobonyea unafaa hasa kwa atomi na molekuli. Katika fuwele kubwa elektroni iliyoongezwa hutawanyika mahali pengi mno, na uzi hunyooka tena. Lakini kosa halikuondoka. Limehamia katika misumari yenyewe, kwa kuwa nishati za misumari ya pembeni zimekadiriwa vibaya, na pengo hubaki dogo.

5. Ukubwa wa kosa na madhara yake

Silikoni ina pengo la 1.12, lakini kadirio rahisi hutoa kiasi cha 0.5. Galiamu asenaidi ina 1.42, hesabu hutoa kiasi cha nusu elektronivolti au pungufu. Oksidi ya zinki ina kiasi cha 3.4, hesabu hutoa chini ya 1. Jemaniamu ina kiasi cha 0.66, nayo hesabu huweza kulifuta pengo lake kabisa, hata nusu-kipitishi kikaonekana kama chuma.

Madhara yake si ya karatasini tu. Ili kujua urefu wa wimbi la mwanga ambao kitu kinaweza kuupokea, gawa 1,240 kwa pengo. Jibu ni nanomita. Kwa silikoni ya kweli, 1,240 kugawa kwa 1.12 ni kiasi cha 1,107. Kwa silikoni ya hesabu, 1,240 kugawa kwa 0.5 ni 2,480. Jicho letu huona kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kwa hiyo vyote viwili vyapokea mwanga uonekanao. Lakini kadiri pengo lilivyo dogo ndivyo volti ya paneli inavyopungua. William Shockley na Hans Queisser walionyesha mwaka 1961 kwamba paneli ya aina moja ya nusu-kipitishi hufanya kazi vizuri zaidi pengo likiwa kati ya 1.1 na 1.4 hivi. Mtu aliyeiamini namba 0.5 angeitupa silikoni, kitu ambacho ndicho kinachowasha taa za vijiji vyetu. Na mtu aliyetafuta katika hesabu kitu chenye pengo la 1.3 angeweza kuchagua kitu ambacho pengo lake la kweli linapita 2, akapoteza fedha na miaka katika kukitengeneza.

6. Namna ya kusahihisha

Njia ya kwanza huitwa mkasi: ukanda wa juu hukatwa na kuinuliwa wote kwa kiasi kile kile mpaka pengo lilingane na kipimo. Njia hii ni rahisi, lakini inamtaka mtu awe na jibu tayari. Njia ya pili ni kuchanganya katika kadirio sehemu ya ubadilishano uliohesabiwa barabara, ili msukumo wa elektroni kwa yenyewe upungue. Kanuni ya namna hiyo iliyotolewa mwaka 2003 na Jochen Heyd, Gustavo Scuseria na Matthias Ernzerhof hutumika sana. Njia ya tatu ni ya Lars Hedin wa Sweden, ya mwaka 1965, iitwayo GW. Njia hii huhesabu moja kwa moja gharama ya kung'oa na kuongeza elektroni, huku elektroni nyingine zikijipanga upya kuizunguka. Mark Hybertsen na Steven Louie waliitumia kwa silikoni mwaka 1985 wakapata pengo lililo karibu sana na lile la kipimo. Njia mbili hizi za mwisho hugharimu muda mwingi zaidi wa kompyuta.

Jambo hili latugusa sisi wa Afrika Mashariki. Maabara ya kukuza fuwele na kuipima ni ghali mno, lakini kompyuta zapatikana, na programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure. Kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, mwaka ule ule wa wazo la Hohenberg na Kohn, kimesaidia kuwafunza Waafrika kazi hii. Mafunzo yajulikanayo kwa jina la ASESMA yalianza Cape Town mwaka 2010, yakafanyika Eldoret, Kenya, mwaka 2012. Na mwaka 2018 taasisi dada ya kituo hicho ilifunguliwa Kigali. Mtaalamu ambaye maabara yake ni kompyuta hana budi kulijua kosa la chombo chake kama fundi ajuavyo mizani yake.

7. Kosa la upande mmoja: funzo la magofu

Pale Tongoni pana magofu ya msikiti na makaburi kiasi cha 40, mengine yenye nguzo ndefu, ya karne ya 14 na ya 15. Mgeni akihesabu mawe yaliyosimama na kukadiria ukubwa wa mji wa kale kwa hayo peke yake, atapata mji mdogo kuliko uliokuwapo. Nyumba nyingi za miji yetu ya pwani zilikuwa za miti na udongo, nazo hazikubaki zimesimama. Akirudia kuhesabu mara mia, kwa uangalifu mkubwa, jibu lake halitakaribia ukweli, kwa kuwa kasoro haiko katika kuhesabu bali katika kile kinachohesabiwa.

Hapa mwalimu awafundishe watoto aina mbili za makosa. Kosa la bahati huja juu na chini, na hupungua tukirudia kipimo na kutafuta wastani. Kosa la upande mmoja halipungui kwa kurudia. Huondolewa kwa kuelewa chanzo chake, au kwa kulinganisha na kipimo cha njia nyingine. Pengo la nishati katika kadirio rahisi ni la aina hii ya pili, na kompyuta yenye kasi mara elfu italirudia vile vile.

Mtoto anaweza kulionja jambo hili kwa rula iliyokatika ncha. Wape wanafunzi rula inayoanzia sentimita 1, wapime madaftari yao kwa kusoma namba ya mwisho tu, kisha walinganishe na rula nzima. Wao wenyewe waseme kosa liko wapi, na kwa nini kupima tena hakusaidii.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kanuni kuwapo na kanuni kujulikana.

2. Misumari ina vimo vya sentimita 90, 40 na 25. Tafuta pengo kama uzi umekazwa. Kisha eleza bila namba litakavyokuwa uzi ukilegezwa.

3. Nusu-kipitishi kina pengo la 2.0. Tafuta urefu wa wimbi la mwanga, na useme kama waonekana kwa macho.

4. Andaa somo la dakika 40 la kutofautisha kosa la bahati na kosa la upande mmoja, ukitumia vifaa vinavyopatikana kijijini.